Bonge na Ngazi za Ghorofa ya Nne

Siku aliyoanguka na binti yake kwenye ngazi, Bonge alikuwa ameshakula skonzi sita tangu asubuhi, na hata moja hakuinunua.

Jina hilo alipewa na wenzake kwenye kiwanda cha mikate, naye akalipokea bila kinyongo kwa kuwa halikumsingizia. Alikuwa mtu wa tanuri. Kazi yake ilikuwa kuingiza trei na kuzitoa, na jioni kurudi nyumbani na mfuko wa mikate iliyoungua pembeni au iliyokosa umbo, ile ambayo haiwezi kuuzwa. Mfuko huo ndio uliokuwa ukilisha nyumba. Mshahara wake na wa mkewe, msafishaji wa wodi hospitalini, uliishia kwenye kodi, dawa na mambo ya shule. Matumbo yaliachiwa mkate. Asubuhi mkate na chai, usiku mkate na chai, na watoto wakibakiza, baba anamalizia, maana kuona chakula kinatupwa ni jambo ambalo hakuliweza.

Binti yake wa kwanza alikuwa na miaka kumi na mmoja, na miguu yake haikuwahi kumsimamisha tangu azaliwe. Kiti chake cha magurudumu kilikaa chini, kimefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, kwa sababu jengo halikuwa na lifti na wao waliishi ghorofa ya nne. Mama yake mgongo ulishamharibikia kwa kumbeba, tena aliondoka alfajiri. Kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ya Bonge. Asubuhi alimpeleka mtoto mdogo, wa miaka mitatu, kwa mama mjane wa mlango wa pili, kisha akamshusha dada mtu na kumsukuma hadi shule. Mchana aliomba ruhusa kazini, akakimbia kumchukua, akampandisha juu, akarudi kwenye tanuri kabla msimamizi hajaanza kuuliza.

Kushuka hakukuwa tatizo. Kupanda ndiko kulikommaliza.

Siku hiyo ya kuanguka walikuwa wamepita ghorofa ya tatu. Bonge alisikia kifua kikimbana kama mtu aliyefungwa mkanda, na macho yakaanza kuona vinyota.

"Baba, tupumzike."

"Tumeshafika."

"Hatujafika, baba. Bado."

Akanyanyua mguu mwingine, na goti likakataa. Aliwahi kugeuka ili aanguke yeye chini na mtoto juu, lakini kichwa cha binti kiligonga chuma cha ngazi, na damu ikaanza kushuka kwenye nyusi. Bonge alikaa pale ameegemea ukuta, mdomo wazi, akitafuta pumzi. Binti ndiye aliyemshika shavu.

"Pumua kwanza, baba. Pumua taratibu. Mimi sijaumia."

Jioni mama alipouliza kidonda kile kimetoka wapi, binti alijibu haraka, "Nilijigonga kwenye dawati." Bonge akainamisha macho kwenye kikombe chake. Watoto walipolala akamweleza mkewe ukweli wote, bila kupunguza wala kuongeza.

Mkewe alikwenda kumfunika binti shuka, akarudi. "Angekufa," akasema.

"Najua."

"Na wewe ungekufa. Mimi nashinda wodini, Baba Watoto. Wanaume wa rika lako nawapangusia vitanda wakishaondolewa. Ninajua wanavyoanza. Wanaanza hivyohivyo, kwa kuhema kwenye ngazi."

Kesho yake, zahanati, nesi alimfunga kifaa cha presha mkononi, akakitazama, akakifunga tena kana kwamba hakuamini. Kisha akampandisha kwenye mzani, akampa maelezo: ale samaki, ale matunda, apunguze unga mweupe, atafute muda wa mazoezi.

"Nesi," Bonge akamwambia kwa adabu, "hivyo vitu unavyovitaja vinakaa mtaa gani? Kwetu havijahamia."

Nesi akacheka, halafu akaacha kucheka. "Basi anza na kuacha. Kuacha ni bure."

Bonge akaacha, tena akaacha kila kitu. Hakula asubuhi, mchana akanywa maji, jioni akawakatia watoto mkate na yeye akajifanya ameshakula kazini. Alijikaza hivyo kwa siku kadhaa, mpaka mchana mmoja, akiwa mbele ya tanuri, dunia ikamzunguka. Trei ya moto ikamlalia mkononi, ngozi ikatoka nayo.

"Ukinizimikia hapa tena, nakuhamishia stoo," msimamizi akasema. Stoo mshahara ulikuwa mdogo zaidi. Hakuwa mtu mbaya msimamizi huyo; aliogopa tu kuokota maiti.

Mkewe alimfunga bandeji akiwa amekunja uso. "Nani kakutuma ufe na njaa?"

"Nesi kasema kuacha ni bure."

"Na kuzika je, ni bure?"

Jioni iliyofuata alichukua mfuko wa mikate, akaugawa nusu kwa nusu, akashuka nao. Kona ya mtaa alikuwepo muuza mboga mmoja mwenye watoto wengi, ambaye kila jua likizama alikuwa akitupa majani yaliyonyauka. Wakaelewana bila maneno mengi. Kuanzia siku hiyo mkate ulishuka na mboga zikapanda: mchicha uliolala, kabichi iliyochunwa majani ya nje, nyanya zilizoanza kulainika. Jumapili walichemsha maharage sufuria kubwa, ya kula siku kadhaa. Bonge akapewa sahani ya mtoto. Robo tatu ilijaa maharage na majani, na pembeni kipande kimoja cha mkate, alichokula mwisho, polepole, akikitafuna kama mtu anayeaga. Chai bila sukari aliiona kama maji ya kusuuzia kikombe, akainywa hivyohivyo. Makombo ya mdogo mtu yakawa yanafunikwa, yanaliwa kesho yake na aliyeyabakiza.

Muda wa mazoezi hakuwa nao. Mtu mwenye watoto wawili na tanuri anatoa wapi saa ya kukimbia? Ila maji ya bomba hayakuwa yakifika ghorofa za juu, na kila nyumba ilichota kwenye tangi la chini. Bonge akaanza kuamka kabla ya watoto, akapandisha madumu ya kwao, kisha ya mama mjane wa mlango wa pili, ambaye alimwombea dua ndefu kuliko hizo ngazi. Mwanzoni alipumzika kila ghorofa. Alikaa kwenye kizingiti cha watu na kusikiliza moyo wake ukigonga, akiogopa kwamba utagonga mara ya mwisho.

Haikuwa safari iliyonyooka. Kulikuwa na siku mkate ulitoka tanurini umevimba vizuri, unanukia, naye akauingiza ndani ya aproni, akaenda nyuma ya magunia ya unga, akaumaliza wote ukiwa unamuunguza ulimi. Alirudi nyumbani amenywea kama mwizi.

"Nimekula mkate mzima," akamwambia mkewe.

"Umeshakula, basi. Chota maji."

Miezi ikapita, suruali zikaanza kuomba kamba. Kazini utani ukapungua, na hilo likamtisha kuliko utani wenyewe. Mzee mmoja wa kukanda unga akamvuta pembeni, akamshika bega, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, kama kuna ugonjwa, sema. Sisi ni ndugu. Tutachanga." Bonge alimweleza kuhusu mchicha. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma. Hakuamini hata kidogo.

Kisha mchana mmoja alimpandisha binti, akasukuma mlango kwa goti, akamweka kitandani kando ya dirisha, na hapo ndipo akagundua kwamba hakuwa amepumzika popote. Hata hakuhema sana. Alisimama katikati ya chumba akitabasamu peke yake.

"Umeona?" akamuuliza. "Umeona hatukusimama?"

"Nimeona, baba. Vizuri." Kisha akageukia dirisha. Huko chini watoto wa mtaa walikuwa wakifukuzana, na sauti zao zilipanda hadi juu.

Jibu hilo lilimkera kidogo, lakini akalimeza, akarudi kazini.

Zahanati walikwenda pamoja, kwa kuwa binti naye alikuwa na siku yake ya kupimwa. Nesi akamfunga Bonge kifaa cha presha, akatikisa kichwa kwa furaha. Kwenye mzani akawa amepungua kilo kumi na nne. "Wewe ndiye nitakayewatolea mfano wengine," nesi akasema. Kisha akaomba Bonge apande tena na binti mikononi, ili atoe hesabu ya mtoto. Binti alikuwa ameongezeka. Si ajabu, alikuwa katika umri wa kurefuka.

"Zile kilo zako ndizo zimehamia kwangu," binti akasema, na wote watatu wakacheka.

Njiani kurudi binti hakucheka tena. Bonge alikuwa akimsukuma taratibu, akikwepa mashimo.

"Baba. Wewe unapungua, mimi naongezeka. Mwisho wake ni nini?"

"Mwisho wake nitakuwa na nguvu zaidi."

"Hata nikiwa mkubwa kama mama?"

Bonge akakwepa shimo jingine.

"Najua unavyohangaika," binti akaendelea, bila kugeuka. "Najua hata skonzi umeacha kwa ajili yangu. Lakini mimi sitaki unibebe vizuri, baba. Nataka nisibebwe. Nikitoka shule unaniweka pale dirishani mpaka kesho yake. Wenzangu wakiniita, nawapungia mkono."

Maneno hayo yalimchoma kuliko ile trei. Siku mbili hakuwa na raha, wala wenzake hawakumwelewa. Kwa miezi yote alikuwa akipambana na mwili wake kwa ajili ya mtoto huyo, na mtoto huyo ndiye anayemwambia kwamba haitoshi. Ila kadiri alivyozidi kufikiri, ndivyo hasira ilivyozidi kukosa pa kushika. Miaka mitatu nyuma mama mwenye nyumba aliwahi kuwaambia kwamba chumba cha stoo, pale chini, angeweza kuwapa wakitaka kubadilishana. Bonge ndiye aliyekataa. Alisema mbele ya watu kwamba mwanawe hatakaa stoo kama gunia, na kwamba maadamu yeye yu hai atambeba. Watu walimsifu siku ile. Na ukweli, ambao hakuwahi kumwambia mtu, ni kwamba alipenda ile mikono midogo ikiwa imemzunguka shingo. Katika siku nzima ya moto na trei, ndiyo saa aliyojiona ana maana.

Jumamosi akamwambia mkewe, "Twende kwa mama mwenye nyumba."

Mkewe hakuuliza ni kwa ajili ya nini. Alivua aproni tu.

Mama mwenye nyumba aliwasikiliza akiwa amekaa kwenye kochi lake, funguo zikiwa mapajani. "Si ulikataa wewe?"

"Nilikataa, mama."

"Ulikataa kwa maneno makubwa."

"Nilikosea."

Akazigeuza zile funguo. "Ni chumba kimoja. Huko juu mna viwili. Ukuta wa nyuma unatoa unyevu, na kodi siwezi kupunguza, maana mizigo yangu itabidi niitafutie mahali."

"Sawa, mama," mkewe akajibu kabla Bonge hajatafuta la kusema.

Walihamia Jumapili. Bonge alishusha vitanda, sufuria, madumu na kabati lililokosa mlango. Mama mjane wa mlango wa pili alilia kama watu wanaohama nchi. Chini palikuwa na giza, na rangi ya ukuta ilikuwa ikibanduka kama ngozi ya kiazi. Wakaning'iniza pazia katikati, huku wakubwa, kule watoto. Upepo wa juu hawakuupata tena. Mkewe alisugua sakafu mara mbili, akakaa juu ya ndoo, akatazama huku na huku. Bonge hakuthubutu kumuuliza anaonaje.

Binti alishushwa mwisho. Bonge alimbeba taratibu, ingawa angeweza kushuka mbio. Kifua kilikuwa chepesi, na magoti hayakulalamika. Nguvu zilikuwa zimekuja zote, siku ya mwisho ya kuzihitaji.

"Baba, harufu yako imebadilika," binti akasema kwenye bega lake. "Zamani ulinukia mkate."

"Na siku hizi?"

"Kabichi."

Wakacheka. Walipofika ghorofa ya pili akahisi mikono ile ikimkaza shingo zaidi ya ilivyohitajika.

Kizingiti cha chumba kilikuwa kirefu kwa magurudumu. Bonge aliomba saruji kidogo kwa mafundi waliokuwa wakijenga ukuta mtaa wa pili, akatengeneza mteremko kwa mikono yake, akauacha ukauke.

Haikupita wiki, akarudi kutoka kazini na kumkuta mkewe mlangoni, mikono kiunoni, mdogo mtu akimng'ang'ania sketi. Kiti cha magurudumu hakikuwepo, wala mwenye kiti. Walikwenda hadi kona, wakamuuliza muuza mboga. Alimwona akipita na wasichana wawili wa darasa lake, zamani. Wakarudi, wakasimama. Bonge alitaka kwenda tena, asijue aende upande gani.

Jua lilikuwa limeshazama alipotokea, anasukuma magurudumu mwenyewe, mikono imejaa tope hadi viwiko, jasho linamtiririka.

"Umetoka wapi saa hizi?" mama yake akafoka. "Nani kakuruhusu? Unajua tumekutafuta wapi na wapi? Hebu jitazame! Nguo za shule hizo, nani atazifua?"

Alimgombeza kwa sauti iliyofika ghorofa za juu, akamgombeza kama mama yeyote wa mtaa ule anavyomgombeza mtoto yeyote. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kupata sababu. Binti aliinamisha kichwa na kupokea yote, lakini alikuwa akijiuma midomo asicheke.

"Na wewe, Baba Watoto, sema kitu basi!"

Bonge akakohoa. "Siku nyingine uage," akasema.

"Sawa, baba." Binti akageuza kiti, akapanda mteremko kwa mkupuo mmoja, akaingia ndani. "Kuna chakula? Njaa inaniua."

"Nawa mikono kwanza," mama yake akamjibu, akaenda kufunua sufuria.