Vipande Sita vya Nta

Mimi ni fundi viatu, na sioni haya kusema. Miaka kumi na saba nabandika soli katika chumba cha mbele cha nyumba hii hii ninayolala, na hajatokea mtu wa kunirudishia kiatu eti kimebanduka. Naishi na binti wa marehemu dada yangu. Ana miaka tisa, ananiita mama mdogo, na mimi namwita Bosi kwa sababu kazi yake ni kuniamrisha.

Sasa shangazi yake, dada wa baba yake, alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii akasema kila Bosi akienda kumtembelea, nguo zake zinanuka gundi, na mtoto hawezi kulelewa ndani ya karakana. Nilipandwa na hasira nikatupa nyundo. Gundi gani? Mbona mimi sisikii harufu yoyote? Lakini barua ilishaletwa. Afisa angekuja Jumatano saa tisa alasiri kuikagua nyumba, na akiona haifai, Bosi angehamia kwa shangazi. Sikupata usingizi siku nne.

Msusi, jirani yangu, ndiye aliyeniletea dawa. Saluni yake ananukisha kwa nta yenye harufu za matunda, na wateja wanaisifu hata kama nywele hazikupendeza.

"Chukua pakiti hii, shoga," alisema. "Haina utambi. Unaweka kipande kwenye kibakuli, chini yake unawasha kimshumaa, inayeyuka yenyewe. Kipande kimoja chumba kizima, umenisikia?"

"Nimekusikia, mimi si kiziwi."

Jumatano nilitoa makopo yote ya gundi nikayapeleka uani, nikapiga deki mara mbili, nikabadilisha mapazia. Saa nane nikawasha kimshumaa na kuweka kipande cha nanasi. Nikakaa. Nikavuta pumzi. Hola! Nikaongeza embe. Nikazunguka chumba kizima nikinusa kama mbwa wa polisi, hakuna kitu. Nikamtukana msusi kimoyomoyo kwa kunipa nta feki, kisha nikatia pasheni, chungwa na ndizi kwa mkupuo. Saa tisa kasoro robo ikabaki stroberi peke yake, nayo nikaitosa. Kibakuli kilifurika mpaka nta ikachuruzika mezani. Nikafunga madirisha ili hicho kidogo kilichopo kisitoroke.

Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye faili la kijani. Alivuka kizingiti, akasimama, akapiga chafya tatu mfululizo.

"Dada, kuna nini humu?" aliuliza, machozi yakimtoka. "Fungua madirisha, tafadhali."

Nikafungua. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio wake, akanitazama vizuri.

"Mtu hajazi harufu namna hii bure. Unaficha nini?"

"Mimi? Sifichi kitu! Nta yenyewe feki, hainukii hata kidogo!"

Alinitazama kama mtu anayepima kama nina akili timamu. Wakati huohuo Bosi akaingia kutoka shule, begi mgongoni. Akamwamkia mgeni shikamoo huku ameziba pua, akaenda moja kwa moja kuzima kimshumaa.

"Mama mdogo, umeweka vipande vingapi?"

"Sita."

"Sita! Jamani, mama mdogo!"

Afisa akavuta kiti, akakaa. "Dada, kweli wewe husikii harufu hii?"

Hapo nilishikwa. Nikadanganya, nasema wazi. "Nina mafua."

"Hana mafua," Bosi akasema. Wala hakusema kwa ubaya, alitaka kunisaidia. "Hasikii harufu siku nyingi. Lakini si neno, mimi namnusia. Maziwa namnusia mimi, na mchuzi wa jana. Na gesi nanusa asubuhi kabla sijaenda shule, na nikirudi nanusa tena."

"Na usiku?" afisa aliuliza taratibu.

"Usiku nikiamka kwenda chooni napitia jikoni."

Kila usiku nilimsikia akienda jikoni, nikadhani ni njaa. Hata nilimgombeza, nikamwita mlafi. Kumbe mtoto wa miaka tisa amekuwa mlinzi wa nyumba yangu, na mimi nilijisifu kwamba ndiye ninayemlea. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Tena si pua yangu tu. Kama gundi imeiua pua yangu, kifua chake kinavuta nini kila siku?

"Andika," nikamwambia afisa.

"Niandike nini?"

"Andika haifai. Mpeleke kwa shangazi yake mpaka nihamishie kazi sokoni na nikaonwe na daktari. Halafu nitamfuata, na ole wake atakayenizuia."

Afisa alishika kalamu bila kuandika. "Una hakika, dada?"

"Andika kabla sijageuza maneno."

Aliandika mwezi mmoja, akasema atarudi mwenyewe kukagua. Bosi alikuwa ameduwaa.

"Nimekosea kusema?" aliniuliza.

"Hujakosea, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosea."

"Basi mbona naondoka mimi?"

Nilikunja nguo zake. Shangazi yake alikuja kumchukua saa kumi na moja, nusura nimfungie mlango. Bosi akamwambia asubiri kidogo, akaingia jikoni. Nikamfuata. Alikuwa anafunua sufuria moja moja, anainamia, ananusa. Akainama mpaka kwenye mtungi wa gesi.

"Maziwa yanywe leo," alisema bila kunitazama. "Wali bado mzuri. Maharage mwaga. Na kesho usiwashe jiko mpaka msusi aje kunusa, nitapita kumwambia."

"Sawa, Bosi."

"Sema utafanya."

"Nitafanya."

Akachukua begi lake akatoka, na mimi nikamwaga maharage.