Maili Thelathini na Nne Kaskazini

Mama Redio hakulia, na hilo liliwakera watu kuliko hata kupotea kwa meli yenyewe. Wiki ya sita ilikuwa inakwisha. Mdogo wake wa damu, nahodha wa Kiziwi, hakujulikana alipo, yeye na wenzake kumi, na mwanamke anaamka, anaoga, anakunywa chai yake, saa moja kasorobo yuko kazini anapangusa vumbi kwenye redio. "Yule ana roho ngumu," walinong'onezana wanawake wa kusafisha samaki kule chini. Roho ngumu ya wapi! Mama Redio alikuwa ameingiwa na ganzi mwili mzima. Juzi yake alikuwa amekalia mkasi kwenye kiti, na hakujua mpaka alipoona damu kwenye sketi.

Kiziwi ilikuwa trola, meli ya kukokota wavu. Ilikuwa na jina lake refu la heshima kwenye karatasi, lakini injini yake ilipiga kelele hivi kwamba mabaharia wake wakishuka nchi kavu waliongea kwa kupayuka, hata wakienda kumwona mgonjwa hospitali. Basi ikaitwa Kiziwi, nayo ikakubali.

Ofisi ya Mama Redio ilikuwa ghorofani, juu ya ghala la barafu: meza, redio, daftari, na ramani ya bahari ukutani yenye pini tano, moja kwa kila meli ya kampuni. Kila asubuhi na kila jioni manahodha walimwita na kumwambia walipo. Yeye aliandika, akahamisha pini. Ndiyo kazi, hakuna zaidi.

Ila manahodha walikuwa wanadanganya. Ndugu yangu, redio ya baharini si simu ya chumbani. Anayetaka kusikia anasikia. Nahodha akitaja mahali penye samaki, kabla hajamaliza kikombe chake meli sita za kampuni nyingine zimekwishamzunguka. Kwa hiyo wote walidanganya, wazee kwa vijana, na kila mmoja alikuwa na makubaliano yake na ofisi. Ya Kiziwi waliyajua watu wawili tu, dada na mdogo wake, na yalikuwa rahisi: akisema yuko kaskazini ya mnara wa taa, basi yuko kusini, maili zilezile. Akisema kusini, yuko kaskazini. Mama Redio aligeuza kichwani, akaandika ukweli kwenye daftari. Miaka kumi na mmoja, na hakuwahi kukosea. Na mdogo wake, ah, alikuwa fundi wa uongo! Aliapa, alilalamika. "Huku hata dagaa hakuna, ofisi, narudi mikono mitupu," na kumbe amesimama mpaka magotini kwenye samaki. Mama Redio alikuwa anaziba mdomo asicheke hewani.

Jioni ya mwisho aliita saa kumi na moja na nusu. Bahari ilikuwa shwari, upepo wa kupuliza chai tu.

"Maili thelathini na nne kaskazini ya mnara," alisema. "Andika hivyohivyo nilivyosema, dada."

Dada! Hewani hakuwahi kumwita dada. Siku zote ilikuwa "ofisi". Mama Redio alikuwa amekwishavaa kiatu kimoja cha kuondokea, ameinama anatafuta cha pili, na akacheka. Leo katia chumvi kweli huyu, alijisemea. Akaandika maili thelathini na nne kusini, akahamisha pini, akavaa kiatu cha pili, akaenda zake nyumbani.

Asubuhi Kiziwi haikuita. Mchana haikuita. Hakuna meli iliyoisikia ikiomba msaada, hakuna aliyeona moshi wala mafuta juu ya maji, na mpaka leo hakuna ajuaye kilichoipata. Watu wa uokoaji walipofika, Mama Redio aliwafungulia daftari bila kusita. "Wengine watawaambia walimsikia akisema kaskazini," alisema. "Hayo ni mambo yetu ya kazi. Yuko kusini." Manahodha wa kampuni nyingine nao wakatikisa vichwa kukubali, kwani wao ndivyo wanavyofanya. Siku tisa boti na ndege ndogo moja zilichambua maji ya kusini. Siku ya kumi wakaacha.

Sasa, Jumanne ya wiki hiyo ya sita, asubuhi, mkaguzi wa bandari alipanda ngazi akikohoa. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililofuliwa mara nyingi. Alitandaza picha tatu mezani.

"Pole tena, mama. Hiki kimepatikana."

Lilikuwa boya la kuokolea, lile la duara, lenye namba ya Kiziwi. Lilikuwa limefungwa kamba na makreti mawili ya samaki, na kwenye kamba kulikuwa na mikono miwili ya shati, imechanwa na kufungwa vizuri ili mtu apate pa kushika.

"Limepatikana wapi?"

"Limenasa kwenye miamba, kaskazini ya mnara. Ndiyo tunashangaa. Miezi hii maji yanashuka kwenda kusini, hakuna kitu kinachopanda." Aligusa picha kwa kidole. "Tazama mafundo haya. Aliyefunga hakuwa na haraka, mama. Ukiniuliza mimi, huyu alikuwa na siku nzima, pengine mbili."

"Anasubiri," alisema Mama Redio.

"Eeh. Alikuwa anasubiri."

Mkaguzi alikusanya picha zake taratibu. Ripoti ingefungwa Alhamisi, alisema. Daftari linasema kusini, basi yeye ataandika kusini, na boya atasema limechukuliwa na mkondo usioeleweka. "Au una la kuongeza?"

"Sina," alisema Mama Redio. Lilimtoka lenyewe. Mkaguzi akaaga, kikohozi chake kikashuka naye ngazi.

Akabaki amekaa. Angeweza kunyamaza, hilo aliliona wazi. Alichosikia jioni ile hakikuandikwa popote, na waliosikia pamoja naye wenyewe walikubali kuwa ulikuwa uongo wa kawaida. Hakuna ambaye angemuuliza tena mpaka anaingia kaburini. Shida ilikuwa wifi yake. Mke wa nahodha, mwenye msiba wake, ndiye aliyekuwa anambembeleza yeye: kila jioni anamwita aje wale pamoja, anamtengea kiti, na kila mgeni akija anamwambia, "Wifi yangu huyu alifanya yote. Angalau tulijua pa kuwatafuta." Mama Redio hakuwa na mume wala mtoto. Nyumba ile ndiyo aliyobakiwa nayo. Akisema, ataipoteza, na asiposema, atakula pale kila jioni akiwa anajua.

Saa tisa alifunga ofisi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Wifi alikuwa kwenye cherehani sebuleni, sare za shule zimerundikana mpaka kwenye kochi. "He! Leo umefukuzwa kazi?" alisema bila kuinua macho. "Vizuri, nisaidie vifungo."

"Wifi, simamisha cherehani."

"Nina mteja saa kumi."

"Simamisha, tafadhali."

Akasimamisha. Mama Redio akasema yote palepale mlangoni, mkoba begani, kwa sauti ileile ya kusomea daftari. Kwamba jioni ile mdogo wake alisema kaskazini. Kwamba alisema andika hivyohivyo. "Nikadhani anafanya mambo yake, nikageuza. Walikuwa kaskazini, wifi. Mimi nikawapeleka watu kusini." Akaeleza na boya, na makreti, na mafundo, na mtu aliyekuwa na siku nzima.

Wifi alitazama kitambaa kilichokuwa chini ya sindano.

"Alikuita dada?"

"Ndiyo."

"Hewani?"

"Hewani."

"Na wewe ukacheka."

Mama Redio hakuwa amesema kwamba alicheka. "Nilicheka," alijibu.

Alitamani apigwe. Alitamani atukanwe, rundo lile la sare limrukie usoni, chochote. Wifi alikata uzi kwa meno, akakunja sare, akaiweka juu ya nyingine, akainyoosha ukosi.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Na wale kumi? Nyumba zao?"

"Ripoti ya Alhamisi itasema kusini."

"Ripoti!" Wifi alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mimi nimekaa hapa wiki sita nawaambia watu tulijua pa kuwatafuta. Kwa mdomo wangu huu! Mama wa mpishi nimemwambia, akaniombea." Alifuta uso kwa kiganja, kwa hasira. "Sijakusamehe. Usinisubirie, sijui kama nitaweza. Lakini kwa mkaguzi utaenda kesho asubuhi, na leo utaenda kwa watu. Na hutawaambia kama ulivyoniambia mimi, umesimama na mkoba kama msoma mita. Utakaa chini. Utawatazama. Twende."

"Unakuja?"

"Ukienda peke yako utasoma mita tena."

Alijitupia mtandio, akafunga mlango, akamwambia jirani mteja akija arudi kesho. Hawakutembea sambamba. Wifi alikuwa mbele hatua mbili tatu, na Mama Redio nyuma yake akitazama visigino vile, hazisikii kabisa nyayo zake mwenyewe. Walipita duka la dawa, wakapita kituo cha mafuta. Watu waliwasalimia, wakaitikia.

Nyumba ya mpishi wa Kiziwi ilikuwa ya tatu baada ya kituo, geti la bati la kijani. Mama yake alikuwa nje anaanua nguo. Aliwaona wanakuja, mawifi wawili kwa pamoja, siku ya kazi, saa za kazi, hawajabeba kitu. Nguo zilimponyoka, uso mzima ukafunguka.

"Wamepatikana!" alisema. Hata hakuuliza. Akageuka na kuita ndani kwa sauti ya juu, "Njooni! Njooni wote, wamepatikana!"