Kengele Iliyozibwa na Nyasi

"Ulikuwa utoe hiyo nyasi tukishavuka. Mbona hukutoa?" nikamuuliza Dida.

"Ningetoa saa ngapi, na wewe ulikuwa unanisukuma mbio mbio kama umeona simba?"

"Kwa hivyo ni mimi."

"Sijasema ni wewe."

"Umesema na macho."

Hapo Dida alikaa chini kwa mchanga wa laga, ule mto mkavu, akashika kichwa. Mimi nilibaki nimesimama na fimbo yangu. Mimi si mtu wa kukaa. Nyuma yetu ng'ombe za tajiri wetu Kulmiye zilikuwa zimelala chini ya migunga, hazitaki kuondoka. Tulikuwa tunazitoa Merti kwa miguu tuzipeleke soko ya Isiolo, na yule wa kuziongoza alikuwa amepotea.

Huyo hakuwa wa Kulmiye. Alikuwa wa Dida. Maksai wa madoadoa, anaitwa Buure. Anavaa kengele, anatangulia, zingine zinafuata. Hauzwi. Tukifika soko anaingia wa kwanza, kazi ikiisha anarudi Merti na lori. Ukame ulimalizia Dida wanyama wote, ukaacha huyo. Matajiri wanampa kazi sababu ya Buure, si sababu ya sura yake. Bila Buure, Dida ni mtu tu ako na fimbo.

Sasa, jana tulipita pahali pabaya, vichaka vya wezi wa mifugo. Hapo lazima uzibe mdomo wa kengele, wasisikie ng'ombe ikipita. Nilimwambia atumie kitambaa. Akasema kitambaa hana, ana kikoi tu, na wallahi hararui kikoi. Akang'oa nyasi mbichi kando ya maji, akashindilia. Tukapita salama. Kuamka, Buure hayuko. Amepotelea kwa msitu wa miiba, na kengele yake ni bubu. Nyayo nazo zimekanyagana, huwezi jua hii ni ya nani.

"Tuswage hizi tuende," nikasema. "Kulmiye anangoja."

"Enda. Mimi siondoki."

"Hizi haziendi bila wewe."

"Haziendi bila yeye. Lakini utajuaje, Lokaale? Kwenu mjini Kiwanjani mnafuga kuku."

"Kuku yetu angalau inajua kurudi nyumbani."

Siku ingine angecheka. Aliinuka, akapanda ukingo wa laga, akaanza kuita Buure na Kiborana, vile anamuitanga maji ikipatikana. Aliita mpaka sauti ikakwaruza. Jua ikapanda, mchanga ukaanza kuchoma kupitia viatu. Nilitaka kumwambia anyamaze. Nikashindwa. Yule mzee alikuwa anaita maisha yake yote.

Halafu ng'ombe moja ikainua kichwa. Masikio mbele.

Kolo.

Mbali, upande wa mto. Kolo, kolo. Dida alitoka mbio, akaacha ndara moja hapo hapo. Mimi nilibaki na kundi, lakini hata hakukuwa na haja ya kuchunga, zilikuwa zinasimama zenyewe, moja moja, zikiangalia ule upande. Kengele ikanyamaza. Ikalia tena, sasa inakuja huku, na mimi ambaye sikai nikajikuta nimekaa kwa mchanga.

Wakatokea. Dida ameshika Buure sikio, Buure anatafuna kama ametoka hoteli. Niliangalia kengele. Ndani ilibaki majani mawili matatu, makavu, yamejikunja. Jua ilikuwa imekausha ile nyasi, ikasinyaa, ikadondoka yenyewe.

Dida aliona nimeona.

"Lokaale. Kitambaa ingedondoka?"

Nikampelekea ndara yake.

"Nakuuliza. Ingedondoka?"

"Haingedondoka."

"Sema tena, huyu maksai hajasikia."

"Dida, wacha bana."

Akaingiza kidole kwa kengele, akatoa yale majani, akaniwekea kwa mkono.

"Pelekea kuku zenu," akasema. Akageuka akaenda, Buure kando yake, na ng'ombe zote za Kulmiye zikanipita zikiwafuata.