Nyayo za Mzee Machogu

Kila alfajiri, kabla ya majirani kutoka kukama, nilifuta nyayo za baba mkwe wangu. Zilianzia mlangoni mwake, zikapita kwenye kaburi la mama mkwe migombani, zikazunguka boma la ng'ombe, zikaishia nje ya ua wa jirani yetu Nyasani. Hapo zilikanyagana, maana mzee alisimama sana. Nilizifagia kwa ufagio wa matawi hadi mlangoni kwake.

Ilikuwa mwaka wa 1967, huko Ekerenyo. Mume wangu Okemwa alikuwa kazini Nairobi, nami nilibaki na shamba la chai na baba yake, Mzee Machogu. Tangu afiwe na mkewe, mzee alikuwa halali. Na kwetu mtu anayetembea usiku ana jina moja tu, omorogi, yaani mchawi, na kwa jina hilo nyumba za wazee zilikuwa zikichomwa, wenyewe wakiwa ndani. Nyasani alikuwa amepoteza ndama wawili. Kisha mtoto wake akashikwa na degedege, naye akaapa kwamba alimwona mzee amesimama penye ua wake usiku wa manane.

Mimi nilijua mzee hana ubaya, kwa sababu nilikuwa namchungulia. Leo nalisema bila haya. Wakati ule ningekufa kwanza. Chinsoni, ile heshima yetu baina ya wakwe, haikuniruhusu kuingia kwake wala kumtazama usoni. Nilimhudumia mlangoni: nakohoa, naweka, naondoka.

Kila jioni nilimwekea chupa ya chai, na hiyo nayo ilikuwa siri. Mzee alikuwa shemasi wa Wasabato. Wasabato wetu waliipanda chai, wakaichuma, wakaiuza, lakini kuinywa ilikuwa dhambi. Mimi Mkatoliki wa Mosocho nilimwonjesha siku ya matanga, alipokuwa akitetemeka kwa baridi, naye akaipenda. Kila nilipomwona amechoka zaidi, niliongeza majani.

Usiku mmoja mvua ilinyesha, ikakatika mapema. Kulipokucha nyayo zilikuwa zimezama kwenye matope, na matope hayafagiliki.

Saa nne wanaume walikuwa wamejaa uani petu. Mmoja alileta debe la mafuta ya taa, akaliweka miguuni pake bila kuona haya. Mzee Machogu alikuwa kwenye kigoda chake, macho mekundu, kichwa kikimwangukia kifuani kwa usingizi.

"Mnaona?" Nyasani alisema. "Mchana analala. Usiku anafanya kazi yake."

Obadiah, mzee wa kanisa la Wasabato, aliinua mkono. "Machogu, usiku unatafuta nini?"

"Natafuta usingizi."

Wakacheka, kicheko kibaya.

"Nani atakushuhudia?"

Nadhani siku zote mzee alijua kwamba namwona, lakini hakugeuza hata shingo kuelekea nilikosimama. Hata pale alinisitiri. Yule mwenye debe akafungua kifuniko, harufu ya mafuta ikanifikia, nikajikuta nimesimama katikati ya wanaume.

"Mimi namwona kila usiku. Dirishani kwangu."

"Mke wa mwana!" mtu alifoka. "Unamchungulia baba mkwe wako?"

"Namchungulia. Anatoka kukojoa mara tatu, mara nne." Nilitamka hayo mbele yao na ardhi haikupasuka. "Anakaa kaburini kwa mama. Anahesabu ng'ombe. Kisha anasimama kwa Nyasani. Hajawahi kuvuka ua."

"Kwako kuna taa," mzee alimwambia Nyasani polepole. "Tangu mtoto augue mnakesha. Nikiiona ile taa, najua siko macho peke yangu."

Nyasani alitazama chini. Ndipo Bitutu, mkunga wetu, aliyewahi kumpikia mzungu huko Kericho, akanigeukia. "Jioni anakunywa nini?"

Hapo nilisita. Kumwokoa kwa Nyasani kulikuwa kumuuza kwa Obadiah. Nikaliangalia lile debe.

"Chai," nikasema. "Chupa nzima. Nyeusi."

Bitutu alipiga makofi. "Chupa nzima! Mzungu wangu alikuwa hagusi kikombe baada ya saa kumi, akiogopa kukesha. Na mzee wa miaka sabini mnamjaza chupa nzima, halafu mnashangaa anatembea?"

Mtu alicheka, safari hii vizuri, na kifuniko cha debe kikarudishwa. Obadiah hakucheka. Sabato iliyofuata mzee alivuliwa ushemasi mbele ya kanisa zima, akaenda kuketi benchi la nyuma. Nililia jikoni siku hiyo. Jioni nilikuta chupa mlangoni kwangu, imeoshwa. Hakusema neno, nami kuanzia hapo nikawa namwekea uji mapema, jua likiwa bado juu.

Siku ya nne niliamka na ufagio wangu. Hapakuwa na nyayo. Nilifurahi, kisha nikaogopa. Nikaenda mlangoni kwake, nikakohoa. Nikaweka mkono kwenye ule mlango ambao sikuwahi kuuvuka.

"Tata?" niliita, kama Okemwa amwitavyo baba yake. "Tata!"

Ndipo nikamsikia akikoroma. Nikaketi kizingitini, ufagio mapajani, nikawa namsikiliza.

Kulipopambazuka Nyasani alitokea na ndoo yake ya maziwa. Mtoto wake alikuwa ameanza kupata nafuu. Alifungua kinywa kunisalimu. Nikajiwekea kidole mdomoni. Akasikiliza. Kisha akainama, akavua gambuti zake, akazishika mkononi, akapita.