Jiwe la Mlangoni

Zdislava aliingia baa ya kijiji amembeba Rozárka, mwanawe wa miezi kumi, na chini ya kwapa amebana kitabu cha kumbukumbu za kijiji, ambacho sasa alikiandika yeye. Mikutano ya kijiji hicho, Olšinka, ilifanyika humo, kwa kuwa hakukuwa na ukumbi mwingine. Alasiri hiyo wangepiga kura: chekechea mpya ijengwe malisho ya chini, kando ya kijito, badala ya shamba la juu.

"Maji yalishafika huko," alisema. "Mwaka 1897 yalifika dirisha la kanisa dogo. Imeandikwa humu."

Mwenyekiti Bohumír akacheka. "Na nani? Mwandishi wa zamani, Mzee Kryštof! Yule aliyeandika kuwa bwawani mna samaki mkubwa kama nguruwe?"

Watu wakaangua kicheko. Hata Zdislava alitabasamu. Ukurasa wa yule samaki aliujua. Lakini alimtazama mwanawe akichezea kifungo cha koti lake. Huyu ndiye atakayelala usingizi wa mchana kule chini.

"Kryštof anasema pia walichonga alama kwenye jiwe la daraja."

"Daraja la zamani halipo, binti."

"Halipo. Ila mwandishi wa mwaka 1931 hakuwa muongo, naye kaandika mawe yalikokwenda. Lile lenye alama alilichukua mwenye baa wa wakati huo, akaliweka mlangoni, upande laini juu."

Wote wakageukia mlango.

"Ngazi yangu hiyo!" akafoka Vendelín, mwenye baa. "Babu kaiweka, na mimi nitazikwa nayo!"

"Basi leo tutaigeuza tu, Mzee Vendelín. Nitairudisha kwa mkono wangu."

"Wewe? Na mtoto mkononi?"

Zdislava akamkabidhi Rozárka. Mzee akajikuta amempakata, ndevu zake zikivutwa, asijue amkasirikie nani. Zdislava akatoka, akachukua mtaimbo alioufunga kwenye baiskeli, akauchomeka chini ya jiwe. Halikutikisika. Akajaribu tena, viatu vikateleza kwenye tope. Mara ya tatu akasikia mtu anahema pembeni yake: Bohumír, amevua koti.

"Hesabu," akasema kwa ukali.

"Moja, mbili, tatu!"

Jiwe likapinduka. Nyungunyungu wakajipenyeza udongoni. Zdislava alikwangua udongo kwa kucha: mstari, mwaka 1897, kisha maneno, *Maji yalifika hapa, hadi dirisha la kanisa dogo*.

Hakuna aliyecheka. Kanisa lile lilionekana kutoka pale mlangoni, dirisha lake juu kuliko kichwa cha mtu mzima.

Wakapiga kura palepale, wamesimama matopeni: chekechea iende shamba la juu. Mkono wa Vendelín ulikuwa na mtoto, akainua kiwiko.

Bohumír akajifuta mikono. "Sasa utaniandikaje humo kitabuni?"

"Kwamba ulishika mtaimbo," alisema Zdislava, akimchukua mwanawe. "Na uushike tena. Mzee anataka ngazi yake."