Nusu Saa ya Akidi

Wananiita Kanuni. Jina hilo nilipewa na wanakwaya kwa kunikejeli, nami nikalipenda, nikalivaa kama suti ya Jumapili. Kwa miaka mingi nimekuwa katibu wa baraza la wazee wa kanisa letu, na katika muda wote huo kumbukumbu za mkutano nilizoandika hazikuwahi kusahihishwa hata nukta. Wachungaji wanne wamepita mbele yangu. Mmoja alikuwa msahaulifu, mmoja alikunywa kwa siri, wawili walikuwa watu wazuri tu. Kanisa halikuyumba, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyejua kifungu gani kinasema nini, na mtu huyo ni mimi. Nasema hivi si kwa majivuno. Au basi, ni kwa majivuno.

Baraza lina wajumbe kumi na wawili, mchungaji akiwa mwenyekiti. Akidi ni watu saba. Wakipungua hapo hakuna linaloamuliwa. Akidi ikivunjika kikao kikiendelea, tunasubiri nusu saa, na wasipopatikana wengine jambo linaahirishwa. Tena, mjumbe ambaye jambo la ndugu yake liko mezani lazima atoke, akakae kwenye benchi la korido, isipokuwa aombe kubaki na wenzake wote wakubali bila hata mmoja kupinga. Kifungu hicho cha mwisho nilikitunga mimi. Nilisimama nikawaambia kwamba kila mwamba ngozi huvutia kwake, na kwamba mzazi hawezi kumhukumu mwanawe. Wakanipigia makofi.

Wa kwanza kukionja alikuwa Fundi Saa. Ni mzee mfupi, mjumbe mwenzetu, ana kibanda cha kutengeneza saa nyuma ya posta, na ile lenzi yake ya jicho moja huisahau kwenye paji la uso hata akiwa ibadani. Binti yake alipata mimba kabla ya ndoa, ikaletwa hoja ya kumtenga na kanisa. Mzee akaomba kubaki. Aliomba vizuri, amesimama, mikono ameikunja kifuani, akasema hatatia neno, atasikiliza tu ili mtoto wake asihukumiwe bila mtu wake chumbani. Mchungaji akauliza kama kuna anayepinga. Watu wakaangalia meza. Nikanyoosha mkono mimi. Fundi Saa akaenda kukaa kwenye benchi, na sisi tukamtenga binti yake kwa dakika kumi na mbili. Msichana alihama mji mwezi uleule, na hajarudi hata kumjulia baba yake hali.

Mzee hakuninunia. Aliendelea kunisalimia kila Jumapili, na hata saa hii niliyovaa mkononi ilipogoma, ni yeye aliyeitia uhai. Nikadhani yamekwisha.

Sasa dada yangu. Ndiye mkubwa wetu. Mama alipofariki nilikuwa sijaanza shule, na dada ndiye aliyeniogesha, akanivalisha, akanikalisha chini na kunifundisha kuandika kwa kunishika mkono, herufi moja moja, mpaka mwandiko wangu ukawa wa kuonyeshea wageni. Alipokuwa mtu mzima akaenda kuishi na mwashi ambaye mke wake alikuwa amemkimbia bila talaka. Ndoa ya kanisani haikuwezekana, kuachana hawakutaka, baraza likamtenga. Mimi ndiye niliyesoma jina lake mbele ya kanisa. Nililisoma mara mbili, ili waliokaa nyuma wasije wakasema hawakusikia.

Kwetu aliyetengwa hafiki kwenye meza ya Bwana, na akifa kengele haipigwi, mchungaji hamziki, na anapelekwa makaburi ya manispaa. Mama yetu amelala nyuma ya kanisa. Pembeni yake pana nafasi ya mtu mmoja, na dada alikuwa akija kila Jumamosi kuipalilia, wakati ambapo hakuna ibada, asije akaonekana. Mwashi alikufa mwaka juzi. Mwaka huu ugonjwa ukamshika dada mwenyewe, ukala mwili mpaka ukabakiza macho. Akaandika barua kuomba arudishwe kundini. Hakutaka kingine duniani: ale meza ya Bwana mara moja, kisha azikwe kando ya mama.

Barua haitoshi. Kanuni inataka mwombaji afike mwenyewe mbele ya baraza. Nani aliandika hiyo? Msiniulize.

Siku ya kikao, mimi na mpwa wangu, binti wa dada, ambaye ni fundi cherehani, tulimbeba mgonjwa kwenye kiti cha plastiki. Chumba cha baraza kiko ghorofani, ngazi ishirini na nne. Alikuwa mwepesi kama kapu la nguo zilizokauka. Kichwani alijifunga kitambaa cheupe alichokitunza sandukuni tangu siku aliyotengwa.

"Polepole, mdogo wangu," aliniambia katikati ya ngazi. "Ukiniangusha hapa watasema nimefukuzwa mara ya pili."

Mpwa wangu akacheka huku machozi yanamtoka. Tukamweka koridoni karibu na lile benchi, nami nikaingia ndani.

Tulikuwa saba. Watano walikuwa wamekwenda kukagua kiwanja cha shule ya chekechea, kilichomo katika Mpango wa Miaka Mitano wa kanisa, na walitakiwa wawe wamerudi saa tisa. Tulipitisha ajenda tatu za mwanzo vizuri tu. Tulibishana sana kuhusu rangi ya paa la chekechea ambayo haijajengwa. Kisha mchungaji akasoma barua ya dada, akanitazama, nami nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya asubuhi. Nikitoka, wanabaki sita.

Mchungaji akawapigia simu wale watano. Mpima ardhi alikuwa hajafika bado, wakasema hawatarudi kabla ya jioni. Ndipo mjumbe mmoja, muuguzi mstaafu, mama mwenye huruma asiyependa maneno mengi, akasema jambo ni rahisi: katibu aombe kubaki, sote tukubali, tumalize, mgonjwa arudi nyumbani. Wakaitikia. Macho yakaenda kwa Fundi Saa.

Aliitoa lenzi kwenye paji la uso, akaifuta kwa shati.

"Mimi sipingi," alisema. "Lakini kanuni inasema aombe. Basi aombe, kama nilivyoomba mimi. Asimame, akunje mikono, aseme naomba. Sitamkatalia."

Hakupandisha sauti. Nikasema kanuni haitaji habari ya kukunja mikono.

"Basi usikunje," akasema muuguzi. "Omba tu, baba."

Neno lenye herufi sita. Nililiona limesimama mbele yangu, na nyuma yake nikamwona mzee yule na mikono yake kifuani, na mkono wangu mwenyewe ukinyooshwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilipandwa na hasira, na aibu ikaja juu ya hasira. Nikafunga kalamu, nikapanga karatasi zangu, nikatoka. Nilijiambia natoka kwa heshima ya kanuni. Uongo mtupu. Nilitoka kwa sababu sikutaka mtu yule anisikie nikiomba.

Nikakaa kwenye benchi. Nusu saa ikaanza kuhesabiwa.

"Wameanza?" dada akauliza.

Nikamwambia wameanza. Ndani walikuwa wanakoroga chai. Mtu akatoa kichekesho kuhusu mpima ardhi, wakacheka, na dada akauliza mbona wanacheka. Nikamwambia ni dalili njema, watu wakicheka mioyo imelainika. Mpwa wangu alikuwa amepiga magoti, anamsugua mama yake miguu, na aliniangalia kwa shukrani. Sijui kama niliwahi kuangaliwa hivyo na mtu.

Mlango ukafunguka kidogo. Fundi Saa akachungulia.

"Zimebaki dakika ishirini, Katibu."

Akafunga. Dada akataka kujua mzee anahesabu nini. Nikamwambia wanamwombea, mzee ndiye anayeshika muda. Akainamisha kichwa akaomba na yeye, midomo inacheza, na mimi nikaitazama saa yangu. Ilikuwa inakwenda sawasawa.

Zilipobaki dakika tano Fundi Saa alitoka kabisa. Akaja karibu, akaniinamia, na nilisikia pumzi yake ina chai. Nilitegemea kuona furaha usoni mwake, niikamate, nimchukie kwa haki. Haikuwapo.

"Nimechoka mimi," alisema chinichini. "Sitaki mikono. Sitaki usimame. Njoo uliseme pale mlangoni, turudi ndani. Mama wa watu anaumwa."

Hapo ndipo ingekuwa rahisi kuliko wakati wowote. Na hapo ndipo ulimi ulipokuwa mzito kuliko wakati wowote, kwa sababu kama angenikomoa ningeweza kumshinda, lakini kanihurumia, na huruma ya mtu niliyemkosea sikuiweza. Nikatazama ukuta. Akarudi ndani.

Dada akanishika mkono, ule wa kulia, wa kuandikia.

"Najua unanipigania," alisema. "Tangu mtoto ulikuwa mbishi. Sikuwahi kukuwekea kinyongo."

Magoti yangu yalitaka kuinuka. Nasema kweli, yalitaka. Nikayakalia.

Mchungaji alipotoka alisema akidi haikutimia. Muuguzi alikuwa ameomba mkutano wa dharura, ufanyike kesho. Nikasema mkutano wa dharura unataka taarifa ya maandishi ya siku kumi na nne. Nililisema kabla mchungaji hajafungua kitabu cha kanuni. Mdomo wangu ulikuwa umezoea. Muuguzi akaenda kumfunika dada kwa shuka yake mwenyewe. Dada nikamwambia kwamba wameahirisha tu, mambo yanakwenda vizuri. Tukambeba, ngazi ishirini na nne, safari hii dada hakutania.

Alikufa siku ya kumi na moja.

Mchungaji alikuja msibani bila joho, akakaa na majirani kama jirani. Nilimvuta pembeni nikamuuliza kama hakuna njia. Akasema amekisoma kitabu kizima usiku na mchana akitafuta mwanya, hakuuona, kwa sababu nilikuwa nimeziba mianya yote kwa ustadi mkubwa. Hakusema kwa ubaya. Tukamzika makaburi ya manispaa, kati ya mtu asiyejulikana na uzio wa waya. Kengele haikulia. Nyuma ya kanisa, ile nafasi kando ya mama ilikuwa safi, haina hata jani moja la magugu.

Siku ya kumi na nne mkutano wa dharura ukafanyika, maana ulikwisha kuitishwa, na mkutano ulioitishwa haufutwi. Safari hii walikuja wote kumi na wawili. Nikasoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Kwenye ajenda ya nne nilikuwa nimeandika: "Akidi haikutimia. Jambo limeahirishwa." Mchungaji akauliza kama kuna marekebisho, kama anavyouliza kila mara, na kama kila mara nikawa nimekwisha kushika kalamu ya kutia sahihi.

Fundi Saa akanyoosha mkono.

"Kuna kilichoachwa," alisema. "Iongezwe hivi: Katibu aliambiwa kwamba akiomba kubaki, atakubaliwa. Aliambiwa mara mbili. Hakuomba."

Mchungaji akauliza kama kuna anayepinga. Watu wakaangalia meza. Muuguzi peke yake aliniangalia mimi. Ningeweza kunyoosha mkono, nina haki hiyo, kifungu kipo. Nikaandika. Niliandika vizuri, bila kufuta, maana sijui kuandika vibaya.

Kumbukumbu zikithibitishwa zinabandikwa kwenye ubao wa mlango mkuu, waumini wote wajue viongozi wao wanafanya nini. Huo nao ni utaratibu niliouleta mimi, na siku ile nilisifiwa kwa uwazi. Jumapili nikaibandika karatasi kwa pini nne, pembe zote, nikasimama pembeni.

Mpwa wangu alikuja akiwa bado na kitambaa cheusi. Hakuja kwa ibada. Alikuja kutafuta jina la mama yake, aone kama limeandikwa popote katika kanisa hili. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anavyofuata mshono. Kidole kikafika ajenda ya nne kikasimama. Kikarudi mwanzo wa mstari, kikaenda tena mpaka mwisho.

"Shikamoo, mjomba," alisema bila kugeuka. "Hii umeandika wewe?"

Nikasema ni mimi.

"Mama alikufa akisema ulimpigania. Alinikataza nisikuchukie kwa yale ya zamani, nami nikamwahidi." Kidole chake kilikuwa bado kwenye neno la mwisho. "Alikuwa anausifia sana mwandiko wako. Alisema ni yeye aliyekushika mkono."

Akashuka ngazi za kanisa, akaenda zake, hakuniaga.

Nyuma yake watu walikuwa wamekwisha kujipanga. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa kwaya ya akina mama. Alikuwa amesahau miwani nyumbani, akaniomba nimsomee hiyo iliyomliza mtoto wa watu. Nikasoma. Walikuwapo wengi pale mlangoni, na upepo ulikuwa unavuma, na mtu mmoja wa nyuma akasema hajasikia, Katibu arudie.

Nikasoma mara ya pili.