Kituo cha Kumi na Nne

Glenys Tranter alipochomoa namba kumi na nne kwenye ndoo ya kura za kugawana vituo vya mashindano, wenzake waliguna. Klabu nzima ya uvuvi pale mjini Tipton ilijua kituo hicho kiko chini ya daraja, mahali ambapo mfereji umejaa tope na samaki hawakai.

"Pole, bibie," alisema jirani yake, Norman. "Hapo hata chura hapiti."

Lakini mtu akiondoka kabla ya firimbi ya mwisho, timu yake yote hukatwa pointi. Kwa hiyo Glenys alikaa kwenye kiti chake kwa muda wa saa tano. Alirusha ndoana yenye chambo cha funza, akatazama boya likiwa limetulia tuli, huku maji ya mvua yakimdondokea shingoni kutoka darajani. Kila mara alimsikia Norman akishangilia upande wa pili.

"Vipi huko?" Norman akapaza sauti.

"Nimefungwa jela, wewe unauliza vipi!"

Ilipobaki nusu saa, boya lilizama. Glenys akavuta samaki mdogo kama kidole; hata huyo angehesabiwa. Alipomshika, samaki akamponyoka, akarudi majini.

Mpimaji alipofika na mizani, Glenys alitikisa kichwa tu.

Norman alishinda kombe. Glenys alikuwa amekuja kwa gari la Norman, hivyo alirudi naye, akiwa ameloa chepechepe, akisimuliwa samaki mmoja baada ya mwingine hadi mlangoni kwake.